Walitaka Mgonjwa Mwenye Nguvu

Mama yangu alitokwa na damu kila alipokwenda haja kwa misimu miwili ya chumvi, na hakumwambia mtu. Niligundua kwa sababu tulizoea kufua pamoja, na ghafla akaanza kufua kanga zake peke yake, mbali na wenzake, haraka kama mwizi. Nilipomwuliza alinijibu, "Wewe uliolewa ukarudi. Nimewahi kukuuliza kilichokurudisha?"

Ndivyo alivyokuwa mama. Ukimgusa panapouma, naye anakutafuta panapokuuma zaidi.

Hayo yalikuwa Ivuna, wakati Mwingereza bado anatawala. Kila kiangazi tulikwangua udongo wa chumvi, tukauchuja kwa maji, na maji yale tukayachemsha vyunguni mpaka chumvi ibaki chini, nyeupe na ya moto. Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kaka yangu, kifungua mimba wake, ndiye aliyepatana bei na wanunuzi waliokuja na lori kutoka Tunduma. Mama alichemsha, kaka akauza, na watu wakasema kaka ana mkono wa biashara.

Mwisho wa msimu ule wa pili tumbo la mama lilivimba na haja ikagoma kabisa. Akaanza kutapika vitu ambavyo havipaswi kutoka mdomoni mwa mtu. Kaka alimwomba dereva wa lori ampakie juu ya magunia, na mimi nikapanda naye. Njia ilikuwa mbovu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni mama alinishika mkono na kunibana kwa kucha, na nilipolia aliniambia, "Wewe unalia nini? Tumbo ni lako?"

Tulishuka Tunduma tukavuka mpaka. Ng'ambo, kwa Wanamwanga wenzetu, kulikuwa na hospitali ya misheni yenye daktari Mzungu aliyejulikana kwa kupasua. Alimpasua mama siku ileile. Baadaye alikuja kitandani na dresa, mfunga vidonda aliyekuwa pia mkalimani wake. Daktari alisema maneno mengi, dresa akayaleta kwetu machache: ndani ya utumbo kuna uvimbe, umeshika mizizi, hautoki. Ameufungulia utumbo njia nyingine ubavuni, kushoto, na haja itapita hapo.

Mama alifunua shuka akaitazama ile njia. Ilikuwa nyekundu na mbichi kama mdomo wa mtoto anayelia.

"Mpaka lini?" akauliza.

Dresa hakumwuliza daktari. "Mpaka mwisho, Mayo," alisema, akimwita mama kwa Kibemba chake cha heshima.

Katika wodi ya wanaume alilazwa mzee wa kanisa kutoka Chitete, mwenye ugonjwa uleule, ila wake ulikuwa umegunduliwa mapema. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti, na mchana alikaa barazani akiota jua na kuwaombea watu ambao hawakumwomba. Yeye na mama walizoeana. Mama alimcheka kitambi, naye akamwambia kwamba ulimi wake utaozea mdomoni kabla ya utumbo.

Siku tuliyoruhusiwa, daktari aliwaita wote wawili. Alisema kuna dawa mpya itakuja kutoka Ulaya mvua zikiisha. Ni ya kuchoma mshipani. Haijajulikana kama inatibu ugonjwa huu, ndiyo maana inajaribiwa, na hospitali ile ni mojawapo ya mahali itakapojaribiwa. Wenye ugonjwa huo warudi wakati huo, atawapima.

Mzee wa kanisa alisema amina. Mama alisema, "Nitarudi."

Mvua zile zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilijifunza kumhudumia. Nilichana shuka kuukuu kuwa vitambaa, nikawa namwosha ubavu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na kumfunga upya kila alipochafuka. Chumvi ilimwuma lakini ngozi haikuoza. Alipokuwa na maumivu alinitukana, na alipopata nafuu alinitukana taratibu. Harufu ilikuwepo. Siwezi kusema haikuwepo.

Wifi yangu aliacha kuwaruhusu watoto wake kuingia kwa bibi yao. Kisha akaanza kuniachia chakula cha mama juu ya kinu, nje, kama anamwekea mbwa. Siku moja nilikuwa nafua vile vitambaa chini kabisa ya kijito, na wanawake wakanirushia mabonge ya udongo, wakisema nipeleke uozo wangu kwingine. Kati yao walikuwemo waliofundishwa na mama kuchemsha chumvi.

Kabla mvua hazijaisha kaka alikuja na wanaume wawili wakajenga kibanda mbali na nyumba, kule upepo unakoelekea.

"Kaka, hicho ni cha nani?" nilimwuliza.

"Usijifanye hujui. Wanunuzi watakuja kiangazi. Wakisikia hapa kuna mtu anayenyea ubavuni, nani atatia chumvi yetu mdomoni?"

"Chumvi hiyo anaichemsha nani?"

"Alikuwa anaichemsha," kaka alisema.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Nilitegemea amrarue kwa ulimi ule. Aliingia ndani tu, akakunja mkeka wake, akahamia kibandani mwenyewe bila kushikwa mkono. Usiku na mchana nilikaa naye huko.

Kilichomweka hai ilikuwa ile dawa. Aliizungumza kama mtu anavyozungumza habari ya mtoto aliyeko safari. Kila asubuhi alitembea kutoka kibandani hadi kwenye visima vya chumvi, kule tulikochemshia, na kurudi, akijishikilia ubavu, ili daktari akimwona asimwone mtu wa kulala. Alilazimisha uji uingie. Mara nyingi ulirudi, naye akaomba mwingine.

Nchi ilipokauka tulipanda lori lilelile. Kaka alikuwepo akipakia magunia, na hakusaidia kumpandisha. Alisema tu, "Mnakwenda kupoteza siku."

Hospitalini wagonjwa walipangwa barazani. Mzee wa kanisa alikuwepo na koti lake. Waliitwa mmoja mmoja. Walipimwa uzito, wakatolewa damu, wakaambiwa watembee mpaka kwenye mti na kurudi. Mama alitembea akafika mtini, akarudi, na alipokaa alikuwa anatetemeka mpaka miguu ya benchi ikawa inagonga sakafu. Mimi niliikanyaga isigonge.

Dresa alikuja na jibu. Mzee wa kanisa amekubaliwa. Mama hakukubaliwa.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Umekonda mno, Mayo. Damu yako ni nyepesi na uvimbe umefika kwenye ini. Daktari anataka wagonjwa wenye nguvu."

"Wagonjwa wenye nguvu." Mama aliyarudia yale maneno kama anayaonja. "Mimi nilidhani dawa ni ya wagonjwa."

Dresa alimwita daktari. Daktari alikuja akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kuona Mzungu akifanya. Alieleza, na safari hii dresa alitafsiri yote. Dawa yenyewe ni kali kama sumu. Wakimpa mtu aliyekwisha kuishiwa, naye akafa, hawatajua kilichomuua ni dawa au ni ugonjwa. Watakuwa hawakujifunza chochote, na watakaokuja nyuma hawatafaidika.

"Basi wanipe mimi, nife, waseme ni ugonjwa," mama alisema.

Sijui dresa alimtafsiria daktari nini. Daktari alitikisa kichwa, akamshika mama bega, akaondoka. Mzee wa kanisa akasogea. "Nitakuombea, mama."

"Jiombee mwenyewe," mama akamjibu. "Wewe ndiye uliyekubaliwa kuwekewa sumu."

Tulirudi Ivuna. Kaka alipotuona tunashuka alicheka kidogo kwa pua.

Msimu wa chumvi ulikuwa umepamba moto dereva alipotuletea habari kwamba mzee wa Chitete amezikwa. Alichomwa sindano mara chache tu. Nywele zikamtoka, midomo ikachubuka, akawa hawezi kumeza hata mate, na akafa amebaki koti. Nilimwambia mama nikiwa nambadilisha kitambaa. Alicheka. Alicheka mpaka ubavu ukachafuka upya na ikanibidi nianze tena kumwosha. Kisha kicheko kikakatika.

"Alikuwa mtu mwema yule," alisema. "Uliza kama walijifunza."

Hakuna niliyeweza kumwuliza. Lakini baada ya muda yule dresa mwenyewe alikuja, kwa baiskeli, amejaa vumbi mpaka kope. Mama alipoona nguo nyeupe alijivuta akaketi. Nilimwona akijifuta uso na kunyoosha kanga. Alidhani wamebadili mawazo.

Dresa alisalimia kwa adabu. Aliuliza kama anakula, kama analala, maumivu yako wapi, lini yalizidi. Mama alijibu vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye nguvu. Hatimaye akauliza, "Basi nitakwenda lini?"

"Kwenda wapi, Mayo?"

"Kwenye dawa."

Dresa aliangalia chini. Alisema hapana, daktari amemtuma tu. Inatakiwa kujulikana waliokosa dawa wanaishi muda gani, ili walinganishwe na waliopewa. Wale waliopewa karibu wote wamekwisha. Kwa hiyo mama anasaidia sana kwa kuwa hai.

"Nasaidia," mama alisema. "Umeniletea ya maumivu?"

Hakuwa nayo.

"Umeendesha baiskeli kutoka ng'ambo mpaka hapa, na hukubeba hata kidonge?"

"Sikuagizwa, Mayo."

Mama alijilaza akampa mgongo. Hakuzungumza naye tena. Hata mimi alizungumza nami kidogo tangu siku ile, na matusi yake yakaisha. Nilijua hapo kwamba anakufa, maana alianza kuniambia asante.

Alikufa asubuhi, kabla mvua hazijarudi, huku nimemshika ubavu kwa kitambaa kibichi. Wanawake wa kijitoni walikuja kulia. Kaka alilia kuliko wote. Alijitupa chini, akajipaka vumbi, akawauliza watu nani sasa atamwita mwanangu. Alichinja ng'ombe, na waombolezaji wakala wakamsifu kwa jinsi alivyomuuguza mama yake. Nilikaa kati ya wanawake nikiwasikiliza, mikono yangu ingali inanuka, na nikala nyama ile kwa sababu nilikuwa na njaa.

Dresa alirudi matone ya kwanza yalipoanza. Alinikuta visimani, peke yangu, nakusanya vyungu visilowe. Aliniuliza habari za mama.

"Mzima," nilisema.

Alishangaa. "Anakula?"

"Anakula. Anachemsha chumvi. Amekwenda kuchanja kuni."

Alinitazama, akatazama njia ya kwetu, akatazama mawingu. Alisema daktari atafurahi, maana haijatokea mtu aliyekosa dawa akaishi hivyo. Aliuliza kama aende akamwone kwa macho yake. Nikamwambia aende, si mbali. Mvua ilikuwa inakuja kwa nguvu kutoka ziwani, na baiskeli yake haikuwa na uwezo wa kupita kwenye tope letu. Akaniaga, akageuza baiskeli, akaondoka na jibu langu kwa daktari. Nilifunika vyungu kimoja kimoja, nikaenda nyumbani.