Mama Mdogo Mlangoni pa Shule

Juzi kwenye maktaba ya Walthamstow, hapa Uingereza, nilifungua kitabu kuhusu Kiingereza cha kale, nikakuta kwamba zamani dada wa mama aliitwa modrige, neno lililotokana na lile lao la mama. Neno anti walilichukua kwa Wafaransa baadaye. Papo hapo nikanusa dawa ya kupigia deki.

Ndiyo harufu aliyokuja nayo mama mdogo kunichukua shuleni alasiri moja nikiwa mtoto, ametoka kusafisha ofisi, koti limelowa mvua. Mama alikuwa zamu hospitalini. Mwalimu alinishika bega mlangoni, akaniuliza huyu ni nani.

"Mama yangu," nikasema.

"Mama yako namfahamu. Siyo huyu."

"Ni mama," nikashikilia, maana nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia vingine. Vidole vya mwalimu vikakaza. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja, viatu vyao vibichi vikilia sakafuni.

Mwishowe mama mdogo akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Mimi ni anti yake." Kumbe mama alikuwa amepiga simu kwamba anti ndiye atakayekuja. Mwalimu akatabasamu, akaniachia. Ndani ya basi nililia njia nzima, nikiamini nimekanwa mbele ya watu.

Jana nilimpigia simu mama mdogo, nikamsomea lile neno la kale. Alicheka, akanitaka nilirudie.

"Kwa hiyo hata wao walijua," alisema. Kisha akashusha sauti. "Siku ile nilitaka tu tufike nyumbani, mwanangu."