Maneno Juu ya Visanduku

Kazini walimwita Mzee wa Mishale, ingawa hakuwa mzee. Mvi zake zilikuwa za kuhesabika, tena alizing'oa. Jina lilitokana na skrini yake. Alikuwa mchambuzi wa takwimu katika bohari ya dawa, na kila mwezi zahanati zote zilizohudumiwa na bohari hiyo zilimletea taarifa zao: dawa zilizotumika, zilizobaki, zilizokwisha. Aliziingiza katika programu ambayo kazi yake huchorwa badala ya kuandikwa. Kisanduku kimoja husoma faili, kingine huchuja makosa, kingine huunganisha majedwali, na mishale hupeleka data kutoka kisanduku hadi kisanduku, mpaka mwisho kabisa inajulikana nani apelekewe nini.

Kwa mtu mwingine, mchoro ule ulikuwa kama kichwa kilichoamka bila kuona kitana. Mishale ilipandana, visanduku vilirundikana pembeni, na hakuna hata kimoja kilichopewa jina.

"Andika basi kila kimoja kinafanya nini," mwenzake wa meza ya pili alimwambia mara nyingi. Huyu alikuwa mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi kwa jinsi alivyopenda kusema watu, japo hakuwa na mpwa hata wa dawa.

"Ya nini? Vyote viko hapa," alijibu Mzee wa Mishale, akigonga kichwa chake kwa kidole. Na kweli vilikuwepo. Ukimuuliza, angekueleza mpaka ujute kuuliza, kwa maana alikuwa mtu wa maneno, mdomo wake haukujua likizo.

Asubuhi moja, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, alianguka. Kiharusi. Hospitali walimwokoa. Mguu ulirudi taratibu, mkono wa kulia ukabaki mzito, lakini kilichoondoka hasa ni maneno. Aliyoambiwa aliyaelewa, lakini akifungua kinywa atoe lake, halipo. Akitaka maji, alisema "sufuria." Akitaka mto, "sufuria." Siku mkewe alipomwinamia kumuuliza anaumwa wapi, alimshika shavu, akamtazama, akasema kwa upole wote aliokuwa nao, "Sufuria." Kisha machozi yakamtoka, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima na alisikia alichokisema.

Mkewe alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa saluni, na wateja walipiga soga kutwa nzima. Nyuma ya pazia, mumewe alikaa kwenye kiti chake, kimya. Mtaalamu wa usemi alikuwa amemwonya mama huyu asimmalizie maneno. Amngoje ayatafute mwenyewe. Basi alimngoja, vidole vikiwa kwenye nywele za watu na sikio likiwa nyuma ya pazia.

Huko bohari, mchoro wa Mzee wa Mishale uliendelea kufanya kazi peke yake kama saa ya ukutani. Halafu zahanati zikabadilishiwa fomu, safu zikahama mahali pake, na kisanduku kimoja kikawaka chekundu. Kazi nzima ikasimama. Shangazi alikodolea macho ile mishale hadi kichwa kikamgonga. Mkuu wa kitengo akasema, "Futa. Tuanze upya." Shangazi aliomba apewe muda kidogo, akabeba kompyuta ndogo kwapani, akaenda nyumbani kwa mgonjwa.

Alipokelewa mlangoni na mke mwenye kitana mkononi.

"Hata kuomba maji hajaweza, wewe unamletea kazi?"

"Wifi, akikunja uso tu, naifunga naondoka."

"Hapana. Mume wangu si faili, afunguliwe kila mtu anapokwama!"

Wateja waliinamisha vichwa, wakajifanya hawasikii. Hapo ndipo likasikika pigo nyuma ya pazia. Kiganja kwenye mkono wa kiti: pa! Kisha tena: pa! pa! Mkewe alifunua pazia. Mumewe alikuwa ameinyooshea kompyuta mkono wa kushoto, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Waliiweka mezani mbele yake. Aliutazama mchoro wake kwa muda, kope zikimcheza, na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku chekundu. Shangazi alikifungua, akachagua safu mpya, wekundu ukaondoka. Kazi ilikwisha pale pale.

"Asante, kaka. Nisikuchoshe," alisema akitaka kufunga. Lakini yule bwana aliishika kompyuta, hakuiachia. Kwa mkono wa kushoto, kipanya kikimponyoka kila mara, alikivuta kisanduku kimoja hadi karibu na mwenzake. Kisha kingine. Visanduku vya kusoma faili akavikusanya upande wa kushoto, vya kusafisha akavipanga chini yake, mishale ikaanza kunyooka. Alipokwisha, alivizungushia hivi vya kusafisha fremu ya kijani, akagonga mahali patupu juu yake, akamtazama Shangazi.

"Unataka niandike jina?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Niandike nini?"

Midomo ilihangaika. Shangazi, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, aliuma ulimi wake akangoja. Upande wa saluni, mkewe alisimamisha kitana.

"Chu," alisema. "Chu... ja."

"Chuja!"

Ng'ambo ya pazia kitana kilianguka.

Tangu siku hiyo Shangazi alikuja kila akipata nafasi, na kila akija walipanga fungu moja: rangi moja, fremu moja, na neno moja au mawili. Siku walipofika kwenye majedwali yanayounganishwa, Mzee wa Mishale alihangaika mpaka jasho likamtoka, kisha akapaza sauti, "Unga!"

"Unga umekwisha tangu jana, baba," mkewe akajibu kutoka saluni, "nitatuma mtu dukani!"

Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wateja wakadakia. Na katikati ya kicheko hicho mkewe alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya viatu, mumewe akicheka kwa kifua kizima. Alikwenda jikoni akasimama huko kidogo, peke yake, akajifuta uso kwa taulo la wateja.

Kilibaki kisanduku kimoja pembeni, kimeunganishwa kwa mshale mwembamba. Kilizidisha mgao wa zahanati chache, na Shangazi hakuona sababu. "Hiki kimejirudia. Nakifuta." Mkono wa kushoto wa mgonjwa ukamkamata kifundo cha mkono.

Siku ile neno halikuja. Shangazi aliporudi siku nyingine, alimkuta rafiki yake ameketi wima, kama mtu aliyekuwa akimngoja tangu alfajiri.

"Mbali," alisema kabla ya salamu. Akavuta pumzi. "Mvua. Njia... hakuna."

Shangazi alizitazama zile zahanati chache. Zote zilikuwa zile ambazo barabara zake hukatika mvua zikianza. Bila kuagizwa na mtu, Mzee wa Mishale alikuwa akiziongezea akiba mapema, kimya kimya, wagonjwa wa huko wasikose dawa. Yeye msemaji wa ofisi, hili hakuwahi kumwambia mtu. Shangazi aliandika maneno yale manne juu ya kisanduku, hakubadilisha hata herufi, na mkuu wa kitengo alipoyasoma aliagiza kibaki.

Baadaye Mzee wa Mishale alirudi kazini kwa nusu siku. Maneno hayakumrudia yote. Mengine yalikuja yamechelewa, mengine yalikuja yamevaa nguo za wengine, na jioni akichoka hayakuja kabisa.

Mchana mmoja mkewe alifunga saluni, akamfuata ofisini. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuiona kazi yake. Shangazi alimwachia kiti na kwenda kutafuta shughuli mahali pengine. Mke aliketi, akaanza kusoma polepole yale yaliyoandikwa juu ya fremu, ya kijani, ya njano, ya buluu.

"Na hiki?" aliuliza, akigusa skrini.

Mumewe alianza kulitafuta neno. Mkewe aliweka mkoba chini, akavua viatu vilivyombana, akajiegemeza vizuri.

"Sina haraka," alisema.