Ulimi Wangu Umempeleka Rafiki Yangu Mahakamani

Wasomaji wenzangu, ukurasa huu umekubali kunifichia jina, kwa hiyo nasema yote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, Mkatoliki, nimesoma hadi darasa la nne. Naishi na mume wangu katika kijiji cha ujamaa upande wa Namanyere. Tangu usichana najua kuonja. Nipe pombe ya ulezi, nitakuambia kimea ni cha nani, kilikaushwa juani au darini juu ya moto. Watu hucheka, lakini nilikuwa sijakosea hata siku moja.

Jumapili moja baada ya misa alikuja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, dereva wa wataalamu wa Kizungu wanaotengeneza barabara. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwepo. Shemeji akanipa kikombe, kinywaji chenyewe kidogo tu, rangi kama chai ya rangi. Akasema, “Haya shemeji, bingwa wetu, hii imepikwa wapi?”

Ilichoma kama gongo, halafu nyuma ukaja utamu wa kimea, na moshi mzito. Kwetu anayekausha kimea kikanuka moshi hivyo ni mmoja tu, Mama Kristina, rafiki yangu aliyemsimamia mwanangu wa mwisho ubatizo. Nikamtaja huku nacheka. Mume wangu na mdogo wake wakatazamana.

Mwenyekiti hakucheka. Jumanne mgambo wakapekua kwa Mama Kristina. Mtambo hawakuukuta, wakabeba kimea chake, akafunguliwa kesi ya kupika gongo, pombe iliyopigwa marufuku. Shahidi ni mimi. Tulipokutana mtoni hakunitukana, bora angenitukana. Alisema, “Mwenzangu, ulimi wako haukosei. Basi nikumbushe, niliipika lini?”

Wiki iliyopita nachota ulezi kwenye kihenge, mkono ukagusa chupa. Maandishi ya Kizungu, na nilipoifungua, harufu ni ileile. Mume wangu akakiri ni wiski ya Uskochi, eti hata huko wanakausha kimea kwa moshi, wanachoma udongo wa bwawani. Mdogo wake aliiiba kwa mabosi wake. Kumbe mume wangu alijua tangu siku ile. Rafiki yangu anapekuliwa, yeye kimya. Jioni tunapiga magoti kusali rozari, yeye ndiye anayeongoza.

Nikamuuliza mbona aliniacha niseme uongo. Akajibu, “Yule ni damu yangu, atafungwa. Huyu ni mpika pombe tu. Ukifungua mdomo, rudi kwa baba yako.” Baba yangu alishafariki, na yeye ndiye aliyemzika.

Mwezi ujao naitwa mahakamani Sumbawanga. Nikisema nilikosea, hakimu atauliza nilichoonja kilikuwa nini na nilipewa na nani. Nikinyamaza, Mama Kristina anafungwa kwa maneno yangu. Nina watoto saba na miaka ishirini na sita ya ndoa. Nishaurini ndugu zangu, mliooa na mlioolewa. Siku hiyo nikishika Biblia, nimtaje nani?