CD ya Kaka na Dawa ya Meno

Kaka yangu alipofariki, mjane wake hakutaka CD ile ibaki nyumbani wakati wa eda. Si kwamba aliichukia. Alisema nyumba yenye eda haipigwi muziki, na akiiona kabatini atatamani kuiwasha. Akaifunga kwenye kipande cha kanga, akampa mke wangu aniletee, na maagizo juu: nikae nayo mpaka atakapotoka eda, kisha atakuja mwenyewe kuichukua.

Kaka alifanya kazi ya jikoni melini, na CD hiyo aliinunua katika bandari moja ya Ulaya. Ni roki ya zamani, ya wazungu wenye nywele ndefu. Kila Jumapili alasiri, kwake Mbweni, aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, amefumba macho, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha isipokuwa mkewe. Sikuwahi kumuuliza anasikia nini humo. Sasa nilikuwa na kipindi kizima cha eda cha kutafuta jibu.

Mie ni mtunza stoo ya vipuri, na karibu kila ninachokijua nje ya kazi nimejifundisha mwenyewe kwa kufuata utaratibu. Nilianza na kijitabu kilichomo ndani ya kasha. Jaladani kuna mlango uliosimama peke yake katikati ya shamba la ngano. Nikatafsiri mashairi kwa kamusi, mstari kwa mstari. Maneno niliyaelewa yote. Walichokuwa wanasema sikukielewa. Ndipo nikasikiliza. Wimbo wa kwanza unakula karibu nusu ya CD na hauna kiitikio. Kinanda kinaanza kama cha kanisani, gitaa linakidakia, mwimbaji anatokea chai yangu ikiwa imeshapoa, anaimba kidogo, anatoweka. Nilingoja arudi anieleze alikuwa na maana gani. Walirudi wenzake, yeye hakurudi.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ilikuwa inaruka. Mdundo unakwenda vizuri, halafu kabla haujatimia unakatika na kuanza upya. Sisi tuliozoea CD za kununua barabarani Buguruni tunaijua dalili hiyo, na tiba yake tunaijua: dawa ya meno. Nikaipaka, nikaisugua kwa fulana laini, nikizungusha mkono kama anayefuta sahani. Nikaisuuza, nikaianika kivulini. Ikaruka palepale. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikatafuta mkwaruzo, nisiuone. Wiki iliyofuata nikaisugua tena, kwa nguvu kidogo. Safari hii nilipoigeuza kwenye mwanga niliona vimistari vyembamba vya mviringo, na sikuweza kukumbuka kama vilikuwepo tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nguo za kaka zilishagawiwa. Alasiri zake za Jumapili, kama zilikuwa zimebaki mahali popote, zilikuwa kwenye CD hiyo, nami sikujua kama naitibu au naiua.

Eda ilipokwisha, shemeji alikuja Buguruni amevaa dera jipya. Sikungoja aulize. Nilimwambia kwamba CD inaruka na kwamba nimejaribu kuisafisha.

“Umeisafisha na nini?”

“Dawa ya meno.”

Akanitazama kidogo. “Shemeji, umeipigisha mswaki?” Kisha akavuta kiti. “Iwashe niisikie.”

Akawa anagonga kidole kwenye mkono wa kiti. Tulipofika kwenye mdundo ule, niliinyooshea kidole deki ya kuchezea CD: ndiyo hiyo, inaruka. Akatikisa kichwa.

“Hapo hairuki. Ni wao. Hesabu.”

Akahesabu kwa sauti akigonga, moja hadi saba, akaanza tena moja. Kila alipofika saba ndipo mimi nilipokuwa nasikia inaruka. Alisema mumewe alikuwa akimgongea hesabu hiyo begani kila Jumapili. Wale wazungu hakuwahi kuwapenda, lakini saba zao alizizoea. Kumbe nilikuwa nasugua CD nzima nikitafuta pigo la nane ambalo haikuwahi kuwa nalo.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Karibu na mwisho, kinanda kiliporudi taratibu, kidole chake kikabaki hewani.

“Hapo sasa ni wewe.”

Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha, kidole kikasimama palepale. Akaomba tena. Masikioni mwangu huo mruko haukuwa na tofauti yoyote na ile mingine. Nilijitolea kumtafutia CD nyingine kama hiyo. Akasema nyingine haikuwahi kukaa Mbweni. Akaifunga tena kwenye kipande chake cha kanga, na usoni mwake sikuweza kusoma kama amekasirika. Mlangoni aligeuka.

“Jumapili mje, wewe na mwenzio. Nitaiwasha. Ila jifunze kuhesabu kwanza, usije ukanisugulia hata deki yangu.”

Tunakwenda. Ninakaa mbali kidogo na kiti alichokuwa anakalia kaka, ninahesabu, na mara nyingi ninapotea kwenye tano au sita. Basi ninakitazama kidole cha shemeji. Kikibaki hewani, ninajua hapo ni mie. Kwingine kote bado sijui.