Kichwa cha Aliyemuua Mdogo Wangu

Mtu niliyemwombea kifo miaka minne aliingia chumbani kwangu, akavua kofia, akakaa kwenye kiti changu na kuniambia, "Habari za kazi, dada."

Nikaitika. Barakoa ndiyo iliyoniokoa, maana uso niliokuwa nao haukuwa wa kuonyesha watu.

Ngoja niwaeleze kwanza. Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo hospitalini. Napima kichwa kwa tepi, naweka alama kwa penseli nyekundu, kisha nabandika nyaya ishirini na moja kwa gundi nyeupe inayonata balaa. Kazini wananiita Nyaya. Nimeshazoea.

Na yule mtu? Ndiye dereva aliyepanda na gari la mizigo kwenye njia ya waenda kwa miguu, akamgonga kitinda mimba wetu. Miaka kumi na tisa tu. Tulikuwa tumetoka kumnunulia viatu. Yeye akaenda, mimi nikabaki na boksi mkononi.

Dereva alishuka anayumba. Ulimi mzito, suruali imelowa.

Mahakamani nilisema bila kupepesa macho kwamba alikuwa amelewa chakari. Hakuna aliyempima pombe siku ile, wakaniamini mimi. Akafungwa miaka mitatu.

Sasa kichwa chake kiko mbele yangu.

Shetani hakuchelewa. "Nyaya, legeza mbili tu." Kipimo kingetoka uchafu mtupu, angepangiwa tarehe nyingine huko mbele, aendelee kuteseka. Nani angejua?

Hapa lazima nimtaje dokta wetu. Mama mmoja mfupi, mkali, aliyetulazimisha zoezi. Kabla hujaanza kazi, weka viganja viwili kichwani kwa mgonjwa, vuta pumzi taratibu mara tatu, mtakie kimoyomoyo: uwe salama, upone.

Tulimcheka sana. Nikamwambia mimi ni mtu wa nyaya, sikuajiriwa kuombea watu.

Akanijibu, "Ubongo unashika kile unachourudishia kila siku. Ukiuzoesha hasira, utakasirika hata pasipo na sababu. Na huruma nayo ni mazoezi hayo hayo."

Nikawa nafanya ili yaishe. Miaka miwili, kila mgonjwa.

Basi, nikiwa bado nachagua waya upi nilegeze, nikashtukia viganja vyangu viko kichwani kwake. Pumzi ya kwanza imeshatoka. Nilipandwa na hasira, nikataka kuvitoa. Ya pili ikapita. Kichwa kilikuwa cha moto, kina kovu nyuma ya sikio. Ya tatu.

Sikumsamehe, msinielewe vibaya. Lakini nyaya nilizibandika zote, na nilizibandika vizuri.

Nikamgeukia mkewe, aliyekuja naye, nijaze fomu. "Anasumbuliwa na nini?"

"Anaanguka, dada. Anatetemeka dakika mbili tatu. Akizinduka anayumba, maneno hayaeleweki, na samahani kusema, anakuwa amejikojolea. Watu wanasema kalewa, na huyu pombe hajawahi kuionja."

Nikaiweka fomu pembeni.

Jamani, kazi hii naifanya kila siku, tangu kabla ya ajali ile. Mtu aliyetoka kwenye kifafa namjua akiwa bado mlangoni. Na siku ile mmoja alisimama hatua tano mbele yangu, nikamwita mlevi.

Nikawasha mashine. Hazikupita dakika kumi, mawimbi kwenye skrini yakaanza kuchongoka.

Nilimfuata dokta ofisini kwake, nikamwaga yote nikilia. Akafungua kipimo kwenye kompyuta yake, akayapitia mawimbi.

"Ana kifafa, hilo halina ubishi," akasema. "Ila kipimo cha leo hakiwezi kusema siku ile ilikuwaje. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikarudi chumbani, nikavua barakoa.

"Nilikutambua ulipoitika salamu," yule mtu akasema. "Sauti yako ya mahakamani nalala nayo. Nilidhani utanifukuza."

Nikamwambia nilichokiona siku ile, kwamba kilikuwa na dalili zote za kifafa, nami nikakiita ulevi. Alinisikiliza mpaka mwisho, gundi inamkaukia kwenye nywele.

"Kwa hiyo sikusinzia?" akauliza. "Mimi sikumbuki kitu. Miaka yote najiambia nilisinzia, nikaua mtoto wa watu."

"Sidhani kama ulisinzia, kaka."

Akajifunika uso kwa kofia yake. Mkewe hakuniangalia tena, na sina haki ya kumlaumu.

Wiki iliyofuata niliandika maelezo mapya, nikayapeleka mahakamani mwenyewe. Sijui yatafika wapi. Mama yangu haongei na mimi. "Umemtetea aliyeniulia mwanangu," ndiyo kauli yake ya mwisho. Boksi la viatu bado liko juu ya kabati langu.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe unayemjua mtu mbaya kwa kumtazama tu. Mimi sikudanganya mahakamani. Niliapa kwa nilichokiona, ila hasira ndiyo iliyoniambia nimeona nini.

Kabla hujamsemea mtu, vuta pumzi tatu. Zangu zilichelewa miaka minne, na mitatu kati ya hiyo, mwenzangu alikuwa gerezani.