Mtama wa Kanga wa Porini

Mwaka niliorudi nyumbani kutoka machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, mfukoni sina kitu na kichwani najua kila kitu, mama alinituma nikamtafutie mbegu za kulishia ndege. Si kuku. Kanga wa porini. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyuma ya nyumba yetu, mwendo mfupi kutoka barabara ya Tinde, marehemu baba alituachia ngitili, yaani kipande cha pori kilichozungushiwa uzio wa miiba, ambacho nyasi zake haziguswi mpaka kiangazi kikolee. Hapo ndipo ng'ombe wa kulimia hufunguliwa wakale. Mama alikuwa na maksai wawili tu, na bila ngitili ile wasingefika msimu wa kilimo wakiwa na nguvu za kuvuta plau. Shida ni kwamba pori liliposhamiri, kanga nao walirudi. Asubuhi walitoka kwa mstari kama wanafunzi wanaokwenda paredi, wakaingia mashamba ya watu na kufukua mtama uliopandwa jana yake. Msimu uliotangulia, jirani yetu wa bondeni, mzee mwenye mashamba makubwa kuliko wote pale, alipanda mara tatu. Alilalamika kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano ukampa mama msimu mmoja. Kanga wakifukua tena, uzio ung'olewe na ngitili iwe malisho ya wote.

Mama hakubishana. Alisema kati ya ngitili na mashamba ya watu ataandaa kipande chake cha shamba, akipande kabla ya mtu yeyote, ili kanga washibe wakiwa bado mlangoni kwao.

"Nusu ya mbegu italiwa siku hiyohiyo," aliniambia. "Kwa hiyo usiniletee ya bei kubwa, baba. Niletee nyingi."

Nilianzia Shinyanga mjini, duka la pembejeo. Mbegu zilikuwa safi, zimepakwa dawa nyekundu. Muuzaji aliposikia ni za ndege, alinitazama kwa huruma akasema dawa ile ingewamaliza hata kabla hawajashiba. Nikaenda mnadani Kagongwa. Huko mtama ulikuwa mzuri, lakini mvua za mwaka uliopita zilikuwa haba na bei imepanda. Nilimwamkia mama mmoja muuzaji shikamoo ya kuinama kabisa, nikitumaini kupunguziwa. Aliitikia marahaba, na bei ikabaki palepale. Mtu mwenye uwezo wa kulisha kanga, alisema, alipe kama wenzake.

Mwisho nikaingia Tinde, kwenye ghala la mfanyabiashara wa Kihindi ambaye ukoo wake ulikuwa pale tangu enzi za babu yake, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyelelewa nacho. Alisikiliza haja yangu bila kucheka, akanipeleka kwenye kona walikosukuma mtama uliofagiwa sakafuni. Ulikuwa umechanganyika na mchanga, kokoto na mavi ya panya. Nilimuuliza kama umepuliziwa dawa ya wadudu, akasema ule bado. Akaniachia magunia mawili karibu ya bure, mradi nimsafishie kona yake.

Nilifika nyumbani nikijiona mshindi. Mama alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili na angekaa siku tatu. Ningemsubiri tu, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nilipoona mchanga na punje vimechanganyika, uchimbaji ukanipanda kichwani. Kule Rwamgasa mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja tuliuita marudio, na mjanja ni yule aliyeyaosha upya na kuona walichoacha wenzake. Mimi nilikuwa fundi wa karai. Nikateka maji, nikakunja suruali, nikaanza kuosha mtama kama dhahabu. Takataka zikaelea nikazimwaga, kokoto zikabaki chini nikazitupa. Jioni nilikuwa na mtama unaong'aa.

Mtu mwenye akili timamu angeuanika. Mimi miaka miwili ya machimbo ilikuwa imenifundisha kwamba kitu kikishaoshwa hakiachwi wazi hata dakika moja, maana kila mpita njia ni mwizi mpaka ithibitike vinginevyo. Nikautia mtama kwenye magunia ukiwa umelowa vilevile, nikafunga kamba, nikayaingiza ndani na kuyakalia. Siku ya pili nilihisi gunia lina joto. Nikaona ni dalili njema.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akavuta pumzi. Alifungua gunia, akachota kiganja. Kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe.

"Nilikutuma mbegu," alisema taratibu. "Umenitengenezea kimea."

Ndivyo ilivyokuwa. Ule haukuwa mtama wa kupanda tena, ulikuwa wa kupikia pombe. Mawingu yalikwishaanza kukusanyika upande wa ziwa, majirani wananoa majembe, na mimi nilikuwa nimeiteketeza ngitili ya baba kwa karai. Niliona aibu. Nikasema nitarudi Tinde. Mama akasema Tinde hakuna kona nyingine iliyofagiwa, nikae chini, nimsaidie kuanika.

Kimea kilipokauka alikisaga, akaita wanawake wawili wa jirani, wakapika pombe. Walikisifu sana, maana hakikuwa na chembe ya mchanga. Kisha akatangaza kazi kama ilivyo desturi yetu: anayekuja na jembe atakunywa. Ila safari hii aliongeza sharti. Kwa kuwa ni kazi ya kupanda, kila mtu aje na bakuli la mbegu kutoka kwake, hata kama imeanza kutobolewa na wadudu, kanga hawachagui.

Walikuja wengi. Wengine walileta mtama, wengine uwele, mmoja kunde za rangi tatu. Mzee wa bondeni alifika mwisho. Mtu mwenye mashamba makubwa hawezi kuonekana ameshika bakuli, kwa hiyo alibeba debe zima la mtama, akalitua mbele ya watu wote, akakaa karibu na pombe. Kabla jua halijawa kali, kipande kilikuwa kimepandwa chote.

Kanga walishuka asubuhi iliyofuata. Wakafukua, wakala, wakashiba, wakarudi kulala ngitilini. Kilichobaki kiliota. Nilikuwa nikiamka kuwahesabu, na kila mara walipoelekea bondeni moyo ulinipiga, lakini msimu ule mzee alipanda mara moja tu.

Baada ya mavuno mkutano uliitishwa kuamua. Mama alivaa kitenge chake cha msibani, nami nikakaa nyuma yake nikiwa nimeandaa hotuba. Kijana mmoja alisema uzio uondolewe tu, kile kipande cha ndege nacho kiwe cha mbuzi. Aliyesimama kumjibu alikuwa mzee wa bondeni.

"Pale kuna debe langu," alisema. "Mbuzi wa mtu asikanyage."

Watu kadhaa wakaitikia kwamba na bakuli zao zimo. Hapakuwa na mjadala mwingine. Mama aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Sikuwa nimemwona akilia mbele ya watu tangu tulipomzika baba, na hotuba yangu ikaishia mdomoni.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza tena kukusanyika, nilimuuliza kama niende Tinde kutafuta mbegu. Akaniambia nisijisumbue, nichukue karai, niloweke mtama wa kimea.