Nilimsifu Dokta ili nimmalize

Barua hii imetufikia kutoka Likasi. Aliyeiandika ametuomba tulifiche jina lake, na Dokta ni jina la mtaani tu. Majivuno tumeyapunguza, lakini si yote.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, minye ni kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa Kikula. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, kwa sababu walimu waligoma wakaenda kulima mihogo. Lakini kuandika ninaandika, uliza yeyote. Hadithi yangu ya kwanza ilitembea mkono kwa mkono mpaka ikafika Mwadingusha, na mafundi wa bwawa wakatuma muntu aniulize ikiwa mke wa yule fundi wa kuchomelea alimrudia mumewe katika sehemu ya pili. Nikawajibu kwamba alimrudia. Mimi ni mtu wa huruma.

Hapa mtaani tuko vijana kumi na wawili tunaoandika hivyo. Madaftari ya dukani hayapatikani siku hizi, basi tunachukua fomu kubwa za kiwanda zilizobaki tangu ofisi zilipofungwa, tunaandika upande mweupe, tunazikunja na kuzishona kwa uzi. Hiyo ndiyo kaye yetu. Kurasa za mwisho tunazibandika kwa uji wa muhogo, maana watu wa huku wanapenda kuanza na mwisho. Msomaji wa kwanza akifika pale ndiye anayezibandua. Kila mmoja akimaliza anaandika maoni yake kwenye jalada la nyuma, anatia sahihi kwa jina la utani, anapeleka mbele.

Kaye mpya lazima ianzie kwa Dokta. Huyu ni yaya mmoja, yaani kaka mkubwa wa mtaa, aliyesoma miaka miwili Lubumbashi kabla chuo hakijafungwa, na tangu arudi anatembea kama amekuja kututembelea. Hadithi yangu ya pili nilimpelekea kwa mikono miwili. Ilinichukua miezi mitano. Akaandika nyuma: "Mwandishi huyu arudi kwanza shule ya msingi. Kama imefungwa, asubiri."

Waliofuata wakasoma jalada kabla ya hadithi. Mmoja akaandika, niko pamoja na Dokta. Mwingine, asubiri kabisa. Watu saba kwa siku nne, halafu kaye ikanirudia na watoto wa barabara yetu wakanipa jina la Asubiri. Usiku huo sikula. Nilipoifungua, nikaona uji wangu wa muhogo uko vilevile, umekauka, hata ukucha haujaugusa. Hakuna aliyefika mwisho, kuanzia na Dokta mwenyewe. Nilimfuata kumuuliza. Hakuona haya hata kidogo.

"Petit, minye nilisomaka Lubumbashi," akaniambia, petit yaani mdogo. "Kurasa tatu zinanitosha."

Hapo ndipo nilipoapa kulipiza. Mwezi uliofuata kaye yake ilinifikia. Kurasa arobaini za mwanafunzi anayefikiri mbele ya dirisha, na mpaka ukurasa wa kumi na mbili hajainuka kwenye kiti. Niliisoma yote, hata kwa adui minye ninasoma yote. Kisha nikaandika: "Yaya Dokta, sijapata kuona kitu kama hiki." Huo ulikuwa ukweli. Baada ya hapo nikachukua penseli kwa mkono wa kushoto nikawa msomaji mwingine, Mzee wa Koni, niliyeipata kaye kwa mpwa wangu na kumshukuru Mungu. Nikachukua kalamu ya biki nyekundu, nikaandika kwa herufi za mviringo, nikawa Binti wa Panda, niliyelia kwenye ukurasa wa tisa. Katika ukurasa wa tisa yule mwanafunzi anachonga penseli. Majina matano nilitumia, na kila moja na mwandiko wake, kipaji hicho nacho ninacho. Wenzetu walipoona sifa zile wakafanya kama kawaida yao: niko pamoja na Binti wa Panda.

Nilitaka tu avimbe, halafu siku moja nimtoboe mbele ya wote. Nilicheka wiki mbili.

Sasa sikieni. Kwao Dokta wako tisa, baba yake ametolewa kiwandani, na hakuna mwenye kazi. Mjomba wake amempatia nafasi ya karani kwa mfanyabiashara mmoja Lubumbashi, na mjomba huyo anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Dokta anataka kukataa. Ameiambia familia kwamba yeye ni mwandishi, wasomaji wake wanamlilia, na jalada la kaye akawaonyesha. Mama yake alimwomba amuulize walau muntu mmoja wa kweli. Akaja kwangu na ile kaye.

"Wale wengine banaweza kunidanganya," akasema. "Weye nilikuumizaka, hauna sababu ya kunipenda. Andika, petit. Kama ni mubaya, nitaenda kwa mjomba. Kama ni muzuri, nitabaki. Nitafuata neno yako."

Nikamuuliza kama ile yangu amekwisha kuisoma mpaka mwisho.

"Bado," akajibu. "Niko na mambo mingi."

Kaye yake iko hapa mezani na nafasi imebaki ya mistari miwili. Nikimwandikia ukweli, yale yote niliyoota kumtupia usoni, nitakuwa nimemwokoa, na mama yake atakuja kunishukuru. Nikimsifu mara moja tu, amekwisha, na hakuna atakayejua isipokuwa ninyi. Nishaurini, niandike nini? Msikawie kunijibu, kwa maana biki ninayo mkononi, na mkono bado unataka kumsifu.